Usiandike "RF chanya" ukaishia hapo

Karibuni maabara, hasa ninyi mnaopangiwa benchi la seroloji. Fomu nyingi za maumivu ya viungo zitakuja na vipimo vinne vimetiwa tiki kwa pamoja: RF (rheumatoid factor), anti-CCP (kingamwili dhidi ya protini zenye sitrulini), ESR (kasi ya chembe nyekundu kushuka mrijani) na CRP (protini ya ini inayopanda wakati wa uvimbe). Daktari anawazia baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Wageni wengi huvichukua vyote vinne kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo majibu huanza kuwachanganya.

RF na anti-CCP ni kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake wenyewe. Zinasaidia kujua ugonjwa ni upi. ESR na CRP zinaonyesha tu kwamba kuna uvimbe (inflamesheni) unaoendelea mwilini sasa hivi. Hazijali chanzo; jipu linazipandisha, nimonia inazipandisha, na baridi yabisi vilevile.

RF ndiyo yenye usumbufu zaidi. Ni kingamwili, mara nyingi ya aina ya IgM, inayong'ang'ania mkia wa kingamwili nyingine, IgG. Erik Waaler aliieleza huko Norwei mwaka 1940, kwa hiyo ni kipimo cha zamani sana. Tatizo ni kwamba chochote kinachousumbua mfumo wa kinga kwa muda mrefu kinaweza kuiamsha: kifua kikuu, malaria, homa ya ini C, maambukizi ya vali za moyo. Hata mzee mzima asiyeumwa popote anaweza kuwa nayo. Kwa wagonjwa tunaowapokea huku kwetu, mimi siishangai RF chanya ya kiwango kidogo.

Ndiyo maana kiwango lazima kiandikwe. Vigezo vya mwaka 2010 vya ACR na EULAR, vyama vya wataalamu wa magonjwa ya viungo vya Marekani na Ulaya, vinatoa pointi 2 kwa kingamwili iliyopita kikomo cha kawaida kidogo, na pointi 3 ikizidi mara tatu ya kikomo hicho. Ukiandika "chanya" peke yake, daktari atahesabu nini? Kama unatumia lateksi ya slaidi, yaani vipunje vinavyoshikana RF ikiwapo, zimua seramu 1:2, 1:4, 1:8 na kuendelea, kisha zidisha mzimuo wa mwisho ulioshikana kama kijitabu cha kiti (boksi la vitendanishi) kinavyoelekeza. Soma kwa muda uliotajwa, ambao kwa kiti nyingi ni dakika mbili. Slaidi iliyoachwa ikaanza kukauka huonekana kana kwamba vipunje vimeshikana. Na kontroli, chanya na hasi, ziende pamoja na sampuli kila siku, hata foleni iwe ndefu namna gani.

Anti-CCP inaaminika zaidi. Inalenga protini ambazo asidi amino yake ya arijinini imegeuzwa kuwa sitrulini, na watu wasio na ugonjwa huu, takribani asilimia 95, hupimwa hasi. Lakini hata yenyewe kifua kikuu kinaweza kuidanganya, na wapo wagonjwa wa kweli ambao kingamwili zote mbili ni hasi. Jambo jingine: damu iliyohifadhiwa ya wachangiaji damu huko Uholanzi ilionyesha kuwa kingamwili hizi huweza kuwapo miaka kadhaa kabla kiungo hakijauma. Hazipandi na kushuka kufuata maumivu. Mgonjwa anayerudishiwa anti-CCP kila kliniki anapoteza pesa yake bure, na ni halali yako kumpigia daktari ukamuuliza kwa adabu.

ESR inaonekana rahisi, ndiyo maana inaharibiwa sana. Kwa njia ya Westergren, damu sehemu nne kwa sitreti (ya kuzuia damu isigande) sehemu moja, mrija usimame wima kabisa, saa moja kamili. Mrija ulioinama kidogo unapandisha majibu. Usiuweke karibu na sentrifuji wala dirisha lenye jua. Upungufu wa damu nao unaipandisha, ujauzito pia. Mgonjwa wa selimundu ni kinyume: chembe zake hazipangani kama sarafu, basi ESR inatoka chini hata akiwa taabani. ESR ikiwa juu na CRP ikawa ya kawaida, tazama kwanza himoglobini yake.

CRP hutengenezwa na ini na hubadilika haraka. Nusu yake huondoka kwenye damu kwa takribani saa 19. Kwa kufuatilia matibabu mimi naipendelea. Ila mgonjwa anayetumia tosilizumabu, dawa inayozuia IL-6 (ujumbe wa kinga unaoliamuru ini litengeneze CRP), CRP yake inaweza kuwa chini huku ana maambukizi makali.

Dirishani mtaulizwa: "Mwanangu, ndiyo nina baridi yabisi?" Msijibu ndiyo wala hapana. Kwa vigezo vile vya 2010 zinahitajika pointi 6 kati ya 10. Kingamwili zote zikiwa juu ni 3, ESR au CRP inaongeza 1. Jumla 4. Zilizobaki ziko kwenye viungo vyenyewe na muda ambao vimeuma, na hivyo daktari atavijua kwa kuvishika na kumuuliza mgonjwa. Mwambieni mama arudi na karatasi yake kwa daktari.