Kupokonya, kupunguza au kudhibiti silaha?

SWALI: Kwenye habari za nyuklia naona "kudhibiti silaha", "kupunguza silaha" na "kupokonya silaha" yakitumika kana kwamba ni neno moja. Niliandika kuwa mkataba wa Marekani na Urusi wa mwaka 2010 ulikuwa wa "kupokonya silaha", mhariri akanifutia. Nilikosea wapi? Tena, tuseme "mashindano ya silaha" au "mbio za silaha"?

JIBU: Mhariri alifanya sawa, ingawa angekueleza sababu.

Kupokonya ni kunyang'anya. Kuna mwenye nguvu, na kuna anayeachia asichotaka kukiachia. Ndiyo maana neno hili liliifaa Iraq baada ya vita vya 1991, pale Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipoilazimisha iachane na silaha za maangamizi na kutuma wakaguzi. Lakini Marekani na Urusi zinamiliki takribani sehemu tisa kati ya kumi za silaha zote za nyuklia duniani. Nani azipokonye? Hata Afrika Kusini, iliyokuwa imeunda mabomu sita, haikupokonywa na mtu: iliyavunja yenyewe, kisha mwaka 1991 ikajiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo. Hapo sema iliachana nazo.

Sasa turudi kwenye mkataba wako, ule uliotiwa saini Prague. Uliweka kikomo cha vichwa 1,550 vya nyuklia, yaani sehemu ya kombora yenye bomu lenyewe, vilivyo tayari kurushwa kwa kila upande. Vilivyo ghalani haukuvihesabu. Kwa hiyo nchi iliweza kukitoa kichwa kwenye kombora, ikakifungia stoo, na ikawa imetimiza sharti. Kombora limepungukiwa, nchi haijapungukiwa! Ndiyo maana mimi ningeandika "mkataba wa kudhibiti silaha", na "kupunguza" ningelitumia pale tu ninapotaja ni nini hasa kilichopungua.

Kuna neno kali zaidi, kuteketeza, nalo lina mahali pake. Mkataba wa Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Muungano wa Kisovieti wa 1987 uliamuru makombora ya nchi kavu ya masafa ya kilomita 500 hadi 5,500 yaondolewe yote, na hadi 1991 yalikuwa yameteketezwa 2,692. Hata hapo mwandishi awe macho: yaliyoteketezwa ni makombora. Nyuklia iliyokuwa ndani yake mkataba uliruhusu itolewe na kuhifadhiwa.

Kwa kuwa unaandika habari, nikuongezee jozi nyingine inayochanganywa. Mwaka 2019 Marekani ilijitoa kwenye mkataba huo wa 1987, ukafa. Februari 2023 Urusi ilisitisha ushiriki wake katika ule wa 2010, yaani ilisimama bila kutoka. Anayeandika kuwa Urusi "ilijitoa" mwaka huo ametangaza jambo ambalo halikutokea. Mkataba wenyewe ulipangiwa kwisha tarehe 5 Februari 2026, na mkataba uliokwisha muda haujavunjwa na mtu.

Kuhusu mashindano na mbio, yote mawili yanaeleweka, ila mimi nachagua mashindano. Mbio hata mtu mmoja huzipiga. Kushindana kunadai wawili, kwa sababu ya ile -an- iliyomo ndani ya kitenzi: mimi naongeza kwa kuwa wewe umeongeza, nawe unaongeza kwa kuwa mimi nimeongeza. Hiyo ndiyo hatari inayotajwa vikomo vinapoondoka, kwamba kila upande hukisia mwenzake ana vichwa vingapi, na mwenye hofu hukisia vingi. Mpenzi wa "mbio" atanijibu kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, nami hapo sitabishana naye sana.

Ukitaka ushahidi kwamba kukoma kwa mashindano si sawa na kuachana na silaha, soma kifungu cha 6 cha mkataba wa kuzuia kuenea, wa mwaka 1968. Kinayataja yote mawili, kila moja peke yake. Mashindano yanaweza kukoma leo na maelfu ya vichwa yakabaki palepale.

Basi sentensi yako iwe hivi: "Mkataba wa kudhibiti silaha wa mwaka 2010 uliweka kikomo cha vichwa vya nyuklia vilivyo tayari kurushwa." Na ukiandika "vya kinyuklia" pia sitakufutia.