"Tuliongea Tu" Haifuti Deni

Dada mmoja anayeuza mitumba Kiboriloni, Moshi, ameniandikia. Alimkopesha mwenzake marobota kwa kuaminiana, sasa anajibiwa: "Huna karatasi, hunidai."

Dada, asikudanganye mtu! Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinatambua makubaliano, hata ya mdomo, ya watu wenye sifa za kisheria, waliokubaliana kwa hiari kuhusu jambo halali lenye malipo. Ardhi, kwa mfano, ina masharti yake ya maandishi. Marobota siyo ardhi.

Mimi nakodisha maturubai na viti hapa Arusha. Mpambaji mmoja wa Njiro alinipigia akitaka viti 400 vya harusi. Akatuma nusu kwa M-Pesa, salio "Jumatatu asubuhi". Ikawa Jumatatu ya kiama. Mara bwana harusi hajalipa, mara simu haipatikani. Mwisho akanigeuka: "Tuliongea tu. Halafu deni ni la ofisi, usinifuate mimi."

Ofisi gani, jamani? Alikuwa na jina la biashara tu, lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Mwenye jina ndiye mdaiwa, na mali zake binafsi zinaweza kuguswa. Kampuni ndiyo inayojitegemea, na hata huko, ukisaini kuidhamini wewe binafsi, umejifunga.

Mahakama ya Mwanzo nilikwenda na ujumbe wa muamala, sauti yake ya WhatsApp ("vitambaa viwe vyeupe, vile vya bluu vimechakaa") na dereva wa kirikuu. Dereva akaeleza jinsi mpambaji alivyohesabu viti mwenyewe, akarudisha sita vyenye miguu iliyopinda. Nani anakagua hivyo kitu ambacho hakukubaliana? Nikashinda, bila wakili.

Amemaliza kulipa wiki iliyopita. Tukikutana ukumbini anageuza shingo, na inauma, maana alipoanza nilimpa viti bila hata shilingi.

Kwa hiyo wenzangu, tuache aibu. Ukikata simu tu, andika: "Kama tulivyokubaliana, viti 400, Jumamosi, salio Jumatatu." Akijibu "sawa", umeshika ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua. Anayechukia ujumbe huo alikuwa na lake jambo. Andikeni, nasema tena, andikeni!

Nawe dada, usifute chochote kwenye simu. Mtafute aliyebeba marobota, kisha mwandikie mwenzako leo hii, utaje kiasi na siku ya mwisho. Akinyamaza, kafungue madai.