Mstari wa Shakespeare wenye silabi 11: je, ni guni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, nasoma fasihi ya Kiingereza. Tumefundishwa kwamba mstari wa pentamita ya iambi una silabi 10. Lakini nikihesabu "To be, or not to be, that is the question" napata 11. Je, huo mstari ni guni, yaani wenye kasoro ya mizani? Na kama hotuba hiyo ya Hamlet, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare, haina vina, mbona haiitwi shairi huru?

Jibu: Marahaba. Umehesabu sawasawa, ni 11, na mstari si guni. Kinachokukwaza ni kuupima ushairi wa Kiingereza kwa arudhi yetu, yaani kanuni za utunzi wa Kiswahili. Malenga wa Kiswahili anahesabu mizani, yaani silabi, tuseme nane za ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) na nane za utao (nusu ya pili), na ikipungua moja sikio linagundua mara moja. Mkazo haumshughulishi sana kwa sababu una mahali pake maalumu, silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Maneno yanayokiuka ni machache. *Barabara* ya magari na *barabara* ya "sawasawa kabisa" tunazitofautisha kwa mkazo tu.

Katika Kiingereza mkazo hauna makao ya kudumu. "Record" ukiikazia silabi ya kwanza ni nomino, ukiikazia ya pili ni kitenzi. Ndiyo maana mshairi wao hujenga mstari juu ya mkazo. Iambi ni jozi ya silabi mbili, nyepesi ikifuatwa na nzito, na *penta* ni tano kwa Kigiriki. Kinachohesabiwa kwanza, basi, ni mikazo mitano. Silabi 10 ni matokeo yake.

Jizoeze na mstari huu wa kwanza wa soneti ya 12 ya Shakespeare, ambao kila neno lake lina silabi moja: "When I do count the clock that tells the time." Usome kwa sauti huku ukigonga meza kwenye herufi kubwa: when I, do COUNT, the CLOCK, that TELLS, the TIME. Mapigo matano.

Sasa rudi kwa Hamlet: to BE, or NOT, to BE, that IS, the QUES. Mitano imetimia. Silabi "-tion" inabaki peke yake mwishoni, na kwa kuwa ni nyepesi, haiongezi mkazo wa sita. Wataalamu huuita huo mwisho wa kike, na kanuni inauruhusu. (Waigizaji wengi huikazia "that" badala ya "is". Hapo jozi moja imegeuzwa, nayo inaruhusiwa. Mikazo inabaki mitano.)

Tazama mistari mitatu inayofuata: inaishia kwa "suffer", "fortune" na "troubles". Yote ina silabi nyepesi ya ziada. Mimi nasikia humo mtu asiyeweza kukata shauri, kila sentensi ikishindwa kutua kwa kishindo. Hayo ni maoni yangu, lakini ukiyatetea kwa silabi zenyewe kwenye mtihani, yatakuwa na uzito kuliko kutaja istilahi na kuiacha hapo.

Kuhusu swali la pili, shairi huru halifungwi na vina wala mizani ya kudumu. Walt Whitman wa Marekani alichapisha ya namna hiyo mwaka 1855. Hotuba ya Hamlet imeacha vina tu, mizani, yaani ile mikazo mitano, imebaki. Mtindo huu uliingia Kiingereza kupitia mshairi Earl of Surrey, aliyeuawa mwaka 1547, alipomfasiri Virgil, mshairi wa Kilatini ambaye naye hakutumia vina. John Milton aliutumia katika utenzi mrefu alioutoa mwaka 1667. Hata Mwalimu Nyerere, alipofasiri *Julius Caesar*, tamthilia ya Shakespeare, mwaka 1963, hakulazimisha vina.

Kwa hiyo ukipewa shairi usilolijua, usikimbilie kusema ni huru kwa kuwa halina vina. Soma mistari mitano au sita kwa sauti, uhesabu mikazo. Ukikwama kwenye neno refu, fungua kamusi ya Kiingereza yenye matamshi: kistari kidogo kilichosimama juu hutangulia silabi yenye mkazo mkuu.