Maswali Yenu: WipEout, vyombo visivyogusa ardhi na watu wanaokataa izeeke

Tangu tuitaje WipEout Omega Collection, gemu ya PlayStation ya mbio za vyombo vinavyoelea hewani, kwenye safu hii maswali hayajakata, wengine wanauliza, wengine wanafoka, mmoja kaandika herufi kubwa mwanzo mwisho. Nimechukua machache, yale yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mkuu, hii Omega Collection ni gemu mpya au ni zile zile za zamani zimepakwa rangi? Rafiki yangu haongei kitu kingine siku hizi, mi nikiangalia naona vyombo vinapita tu na mataa mengi. – Msomaji asiyeelewa kelele ni za nini

Ni za zamani, na wala hawakuficha. Ndani yake kuna WipEout HD ya PS3 iliyotoka 2008, nyongeza yake ya Fury ya 2009, na WipEout 2048 iliyotoka 2012 pamoja na PS Vita, mashine ya Sony ya kushika mkononi. Zote zikakusanywa zikaletwa PS4 Juni 2017, traki 26 na vyombo 46. Ukiishia hapo utasema ni rangi tu, sawa. Ila chukua hiyo 2048 peke yake, kwenye Vita ilikuwa inaenda freimu 30 (yaani picha 30) kwa sekunde kwenye kioo kidogo, na hii ni gemu ambayo kona inakufikia kabla hujamaliza kufikiria, sasa ikaja PS4 kwa freimu 60 na ukiwa na PS4 Pro picha inafika 4K, yaani unaiona kona mapema na chombo kinakujibu mapema, traki ni ile ile lakini unaicheza tofauti kabisa. Kwa HD tofauti ni ndogo, manake hata kwenye PS3 ilikuwa freimu 60 tayari, na mambo yakizidi kwenye kioo ilikuwa inapunguza ukali wa picha kimyakimya ili spidi isishuke. Kwa hiyo aliyeimaliza HD zamani na hakuwahi kuipenda 2048, huyo simlaumu akisema hajaona kipya.

Sasa kelele za rafiki yako nadhani zinatokana na kile ambacho hawakukigusa. Vyombo vya HD vina uzito wake, vinateleza kidogo kabla ya kukamata kona, na mtu aliyezoea anajua kwa vidole ni wapi pa kuachia na wapi pa kubana. Rimasta nyingi, yaani gemu za zamani zinazosafishwa upya, zinaharibikia hapo, watu wanasafisha picha halafu wanatia mkono kwenye uendeshaji ili "iwe rahisi kwa wapya", na wale wa zamani wanarudi wanakuta mgeni. Hapa waliacha. Ukienda traki za Anulpha Pass au Sebenco Climb na mazoea yako ya 2008 yanakubali vile vile. Muziki ndo waliubadilisha sana, na hilo wapo wasiosamehe mpaka leo, ila kwa PS4 unaweza kuwasha Spotify ikapiga nyuma ya gemu, ukajipangia wimbo unaotaka.

Kaka naomba msaada, kila kona nagonga ukuta. Nimejaribu kubadilisha chombo, nimebadilisha kamera, bado ni ukuta. Je mikono yangu ndo mibovu? – Mgonga kuta

Mikono haina shida mdogo wangu, unaendesha kama gari. Hiki chombo kinaelea, hakina tairi za kung'ang'ania barabara, kwa hiyo ukizungusha stiki peke yake pua inageuka lakini mwili unaendelea kwenda ulikokuwa unaenda, na huko mbele kuna ukuta. Ndo maana kuna breki za hewa mbili, L2 ya kushoto na R2 ya kulia. Ukibonyeza ya kulia upande wa kulia unashika upepo na chombo kinazungukia huko, ni kama mtu kwenye mtumbwi anapozamisha kasia upande mmoja. Watu wengi wanaogopa hizi breki kwa sababu ya jina, wanaona zitawapunguzia spidi. Zinapunguza ndio, ila ukuta unapunguza zaidi na unakula ngao yako juu, na ngao ndo uhai wa chombo.

Anza hivi. Nenda Time Trial, peke yako, spidi ya Venom ambayo ndo ya chini, chukua chombo cha timu ya Feisar manake kinageuka vizuri na kinasamehe. Silaha sahau kabisa kwa sasa. Lengo lako liwe mzunguko mmoja bila kugusa ukuta, gemu yenyewe itakuandikia Perfect Lap, muda usiuangalie. Bonyeza breki ya hewa mapema, kabla kona haijaanza, kidogo tu, halafu stiki ifuate. Wapya wanafanya kinyume, wanapiga stiki mpaka mwisho halafu wakiona ukuta ndo wanakandamiza breki kwa hofu, chombo kinapinda ghafla kinaenda kugonga ukuta wa upande wa pili. Ukiona unagonga ukuta wa ndani ya kona ujue unabana sana, ukigonga wa nje umechelewa, bas, hiyo tofauti itakufundisha kuliko video yoyote.

Kuna Pilot Assist kwenye mipangilio, inakusukuma mbali na ukuta. Itumie mwanzoni, hakuna aibu, ila ukishafika spidi ya Flash inayofuata Venom izime, manake inavuta chombo mahali ambapo hutaki na unaanza kupigana nayo. Kuna na kile cha kubonyeza breki moja mara mbili haraka, chombo kinaruka pembeni, hicho kinakuokoa pale ukuta uko karibu na huna nafasi ya kugeuka. Na ukiruka juu ya kilima vuta pua juu kidogo kabla ya kutua, usije ukatua na tumbo.

Af kuna hii ya kubiringisha chombo hewani, stiki kushoto-kulia-kushoto, ukitua unapata msukumo. Kila mtu akiigundua anaifanya kila sehemu, kisha analipuka anashangaa. Inakula ngao! Kila biringisho unalipia. Wazoefu wanabiringisha halafu wanarudisha ngao kwa kumeza silaha, yaani ukiokota roketi si lazima uirushe, unaweza kuifyonza ikawa nguvu. Mimi binafsi naona hapo ndipo gemu inapokuwa tamu, kila silaha unayookota ni swali, nimpige huyu wa mbele au nijijaze ili nibiringishe kilima kinachofuata.

Ukishachoka na mizunguko nenda Zone, aina nyingine ya mchezo humo humo. Huko chombo kinajiongezea spidi chenyewe, kazi yako ni kugeuza tu mpaka ngao iishe. Kulikuwa na trofi ya HD iliyokutaka ufike zoni ya 75, ukiona mtu anayo mheshimu.

Shikamoo. Mwanangu anacheza hii gemu na mataa yake yananitia wasiwasi, kuna kuwaka na kuzima kwingi, hasa hiyo sehemu inayobadilika rangi. Nimzuie? – Mama wa mchezaji

Marahaba mama, na umeuliza kitu cha maana kuliko hao wote waliouliza chombo kipi kina spidi. Hata watengenezaji wenyewe walikwama hapo. WipEout HD ilichelewa kutoka 2008 kwa sababu ilipopimwa iligundulika mwanga wake unaweza kumletea shida mtu mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, ikabidi warudi kuurekebisha ndo ikaruhusiwa. Kwa hiyo ilipimwa, lakini onyo limebaki pale mwanzoni na si la mapambo. Kama mtoto au mtu wa damu yake amewahi kupata degedege au kifafa, asicheze kabla ya kuongea na daktari. Kama hakuna historia hiyo, taa ya chumbani iwake, akae mbali na kioo, apumzike mara kwa mara, na akisema macho yanacheza au kichwa kinazunguka azime hapo hapo. Hiyo sehemu unayoisema ya rangi ni Zone, na anaweza kucheza miezi bila kuigusa. Kuhusu mambo mengine usiwe na hofu, damu hakuna, vinalipuka vyombo tu.

Kama inapendwa hivi mbona studio ya walioifanya ilifungwa? – Mwenye hasira

Hasira yako wanayo wengi. Psygnosis, studio iliyoitengeneza WipEout, ilianzishwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1984, Sony wakainunua 1993, na WipEout ya kwanza ikatoka Septemba 1995 PlayStation ilipoingia Ulaya. Baadaye jina likawa Studio Liverpool. Walitengeneza WipEout Pure na Pulse za PSP (mashine ya mkononi iliyotangulia Vita), HD, 2048, na miezi michache tu baada ya hiyo 2048, Agosti 2012, Sony wakaifunga. Mwaka huo huo baadhi ya waliotoka pale wakaanzisha Firesprite, na cha kuchekesha ni kwamba 2021 Sony wakainunua nayo.

Kupendwa na kununuliwa ni vitu viwili. Hii gemu inapendwa sana na watu wachache, inamfukuza mgeni saa ya kwanza tu (muulize Mgonga kuta hapo juu), na 2048 iliwekwa kwenye Vita, mashine ambayo haikuuza vizuri. Omega yenyewe haikutengenezwa na wale wa mwanzo, ilifanywa na XDev, timu ya Sony yenyewe, pamoja na studio ndogo mbili, Clever Beans na EPOS, ndo maana nasema kuuacha uendeshaji ulivyo ilikuwa heshima, wangeweza kabisa kutaka kuonekana na wao wamefanya kitu.

Baba yangu mdogo anasema WipEout ilikuwa ya watu wa disko. Ananidanganya? – Mpwa mdadisi

Hapana, mwamini. Ile ya 1995 ya Ulaya ilikuwa na nyimbo za Leftfield, Orbital na The Chemical Brothers, nyingine zote zikiwa za Tim Wright anayejiita CoLD SToRAGE, na michoro, nembo za timu na maandishi vikafanywa na The Designers Republic wa Sheffield ambao walikuwa wanachora makava ya sahani za muziki huo huo. Kabla ya hapo gemu zilionekana ni za watoto, hawa wakazipeleka kwenye kumbi za usiku. Ile ya pili, WipEout 2097 ya 1996, ina The Prodigy na Future Sound of London, na CD yake ukiitia kwenye redio ya CD inapiga muziki, unaruka namba moja tu ambayo ndo data ya gemu. Mwambie akuonyeshe kama bado anayo. 2097 ndo iliyoleta pia ukuta wa kukwaruza, manake kwenye ile ya kwanza ukigusa ukuta unasimama kama umegonga mlima, wanaoisifu sana ya kwanza huwa wanaruka hiyo sehemu.

F-Zero na WipEout ipi kali? – Wawili tunaobishana

Hamtaelewana. F-Zero, gemu ya mbio ya Nintendo, ilitangulia, 1990, na F-Zero X ya 1998 ina mashine 30 kwenye traki moja, ni spidi na kusukumana na unachoma nguvu yako mwenyewe kupata kasi. WipEout ni silaha na breki za hewa. Nikilazimishwa, F-Zero GX ya 2003 ni ngumu zaidi, WipEout ni nzuri zaidi kuikalia muda mrefu. Endeleeni.

Inafanya kazi PS5? Na ile ya kuvaa kichwani? – Mwenye mashine mpya

PS5 inacheza bila shida. VR iliongezwa bure Machi 2018, traki zote, lakini ni ya PS VR ya kwanza, ile PS VR2 haichezi gemu za ya kwanza. Kwenye PS5 hiyo ya kwanza inahitaji adapta ya kamera. Ukijaribu, anza na Venom, na tumbo lisiwe limejaa.

Mimi nimemaliza kila kitu, medali zote za dhahabu. Wataleta mpya? Na nicheze nini nikisubiri? – Mkongwe

Mkongwe, kilichokuja baada ya Omega ni WipEout Rush ya simu, 2022, gemu ya kadi ambayo chombo hukiendeshi. Nitaliacha hapo manake hili gazeti linasomwa na watoto.

Wenyewe mashabiki hawajasubiri. Nenda PC uchukue BallisticNG, ilitoka 2018, imetengenezwa na watu ambao ni wazi walilala na WipEout za PlayStation ya kwanza, hadi picha zimeachwa na ile mikwaruzo ya zamani kwa makusudi, na wachezaji wanatengeneza traki na vyombo vyao wanaongeza. Kama unataka ya kung'aa kuna Redout ya Waitaliano, 2016, pua unaiongoza kwa stiki ya pili kwa hiyo utarudi kuwa mwanafunzi. Pacer ya 2020 ina mkono wa waliowahi kuwa Psygnosis, mimi naiona iko karibu na HD kuliko zote ila ilikosa watu onlaini mapema. Na kama unajua kuchezea kodi za programu, ile ya WipEout ya kwanza ya Windows ilivuja 2022, mwaka uliofuata mtu mmoja akaiandika upya ikawa inaenda laini kwenye mashine za sasa, hata ndani ya brauza. Ukishaifungua chagua chombo cha timu ya AG Systems, Feisar kwa spidi ya Rapier utakuwa wa kwanza kwenye kona na wa mwisho kwenye mnyooko.