Maswali ya Wasomaji: Viwavijeshi Hujificha Wapi Wakati wa Kiangazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, msimu uliofuata mwaka wa ukame mkali tulipata mvua mwezi Desemba, mtama ukaota vizuri, na kabla hatujamaliza palizi ya kwanza tuliamka tukakuta viwavi weusi wametapakaa shamba zima. Baada ya siku chache walitoweka, wakaacha vishina vitupu, ilhali alizeti ya jirani haikuguswa hata jani. Wazee wanasema viwavi hao huzuka ardhini mvua inapopiga udongo uliokauka. Je, watafiti wanasemaje? — Msomaji, Mlali, Kongwa.

JIBU: Wazee wenu wamepatia kuhusisha tukio hili na ukame, mvua na udongo, kilichopinduka ni mpangilio tu. Viwavijeshi wa Afrika, ambao wataalamu huwaita Spodoptera exempta, huingia udongoni mwishoni mwa maisha yao ya kiwavi. Wanaposhiba hujichimbia sentimita chache chini ya ardhi na kugeuka pupa, na ndiyo maana mliona wametoweka kwa pamoja. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo hutoka wakiwa nondo wa rangi ya kijivu, na wengi wao huondoka usiku bila kutaga hapo walipozaliwa.

Waliowaletea mayai, kwa hiyo, walikuwa wageni. Wakati wa kiangazi spishi hii husalia kwa idadi ndogo sana katika maeneo ya pwani na ya nyanda za juu yanayopata mvua nje ya msimu, ambako viwavi ni wachache kiasi kwamba mtu anaweza kupita shambani asimwone hata mmoja. Mvua za mwanzo zinapokaribia, nondo huruka usiku wakifuata upepo unaovuma kutoka upande wa bahari kuelekea bara. Tafiti zilizofanywa nchini Kenya kwa kutumia rada ziliwafuatilia wakiwa juu angani gizani. Pepo zinazokutana kwenye mawingu ya radi huwakusanya nondo waliokuwa wametawanyika, mvua huwashusha pamoja, nao hupandana na kutaga katika eneo moja, wakati huohuo nyasi na nafaka zinapochipua. Mabuu wachanga ni wadogo, wa kijani, na hukaa chini ya majani, kwa hiyo mkulima hawaoni. Kwa kuwa sehemu kubwa kabisa ya chakula chao huliwa katika siku za mwisho za wiki mbili au tatu za maisha ya kiwavi, shamba linaonekana kama limeliwa usiku mmoja. Alizeti ilipona kwa sababu wadudu hawa hula jamii ya nyasi tu: mtama, uwele, mahindi, mpunga na malisho ya mifugo.

Limebaki suala la ukame, na hapa ndipo penye kiini cha elimu ya idadi ya wadudu. Nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai mamia kadhaa. Tuchukue mayai 600 kama mfano wa hesabu. Ili idadi ya nondo isipande wala kushuka, wawili tu kati ya hao 600 wanatakiwa kufikia utu uzima na kuzaa, yaani 598 lazima wafe. Sasa tuseme maadui wao wamepungua, na vifo vikashuka kutoka hapo hadi asilimia 95. Kwa macho ya kawaida hayo bado ni mauaji makubwa, lakini watakaopona ni 30 badala ya wawili, na kila kizazi kitakuwa mara 15 ya kilichotangulia. Kwa kuwa kizazi kimoja huchukua takriban mwezi mmoja, vizazi vitatu vya namna hiyo huzidisha idadi mara 3,375. Ndiyo maana mtafiti wa milipuko hashughulishwi sana na wingi wa mayai. Anachouliza ni nini kimeacha kuwaua.

Ukame huwapunguza nyigu vimelea, wadudu wawindaji na vijidudu vya maradhi ambavyo katika miaka ya mvua nzuri huwaandama viwavi. Mvua za kwanza zikiwa za kukatikakatika, na jua kali likiangaza katikati yake, mimea michanga yenye lishe nyingi huwa tele kabla maadui hao hawajarudi. Mvua ya mfululizo, kinyume chake, huua viwavi wengi wachanga.

Rangi nyeusi mliyoiona nayo ina maana. Kiwavi wa spishi hii akikua peke yake hubaki wa kijani au wa kahawia na ni mvivu; akikua kwenye msongamano, akigusana na wenzake, huwa mweusi mwenye mistari, mwepesi wa kutembea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba hawa weusi pia huhimili zaidi maambukizi ya virusi, jambo lenye mantiki kwa sababu kwenye msongamano ndiko maradhi husambaa. Kinga hiyo ina mpaka. Msimu unavyosonga, virusi vinaweza kufagia kundi zima: utawakuta viwavi wananing'inia vichwa chini kwenye ncha za majani, na ukiwagusa ngozi hupasuka na kumwaga uji uliojaa virusi, ambao huwashukia wanaokula chini yao.

Kwa upande wa tahadhari, jirani zenu wa Kilosa walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango wa utabiri unaoendeshwa na wanakijiji wenyewe, kwa mtego wenye harufu ya nondo jike na kipimo cha mvua. Nondo wakiongezeka mtegoni katika wiki yenye mvua, watu huanza kukagua mashamba kabla viwavi hawajawa weusi. Kwa maoni yangu, mtego huo wa ndoo ya plastiki una faida kwa Kongwa kuliko shehena ya dawa inayofika viwavi wakiwa wameshaingia udongoni.

SWALI: Mtaalamu, mahindi yangu nimeyapulizia dawa mara kwa mara dhidi ya viwavijeshi vamizi, lakini hurudi wakiwa wengi zaidi. Jirani yangu hajapulizia kabisa na hali yake si mbaya kuliko yangu. Je, nimeuziwa dawa feki? — Mama mkulima, Kibaigwa.

JIBU: Mama, inawezekana, na ni vizuri afisa ugani akaikagua lebo. Hata hivyo dawa halisi pia inaweza kuleta matokeo hayo. Huyu ni mdudu tofauti na yule wa Mlali: ametoka bara la Amerika, aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na ana alama ya Y iliyogeuzwa kichwani. Hajikusanyi na kuhama kama jeshi. Hukaa ndani ya moyo wa mhindi, juu yake kukiwa na kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, na dawa nyingi haimfikii. Wanaofikiwa ni sisimizi, buibui na nyigu wadogo kama Telenomus remus, ambaye hutaga ndani ya mayai ya nondo.

Mtaalamu wa hisabati wa Italia, Vito Volterra, alilieleza jambo hili mwaka 1926 alipokuwa akichunguza samaki wa Bahari ya Adria, ambako papa na walaji wengine waliongezeka uvuvi ulipopungua wakati wa vita. Ukiua mlaji na mliwa kwa pamoja, anayenufaika ni mliwa, kwa sababu huzaliana haraka na sasa hana wa kumla. Indonesia ililipia somo hili kwenye mpunga, hata serikali ikapiga marufuku viuatilifu 57 kwa zao hilo mwaka 1986. Kagua mimea kwanza, ponda vishada vya mayai kwa vidole, na kama ni lazima kupulizia, elekeza dawa ndani ya moyo wa mhindi mapema, viwavi wakiwa bado wadogo.

SWALI: Mwaka 2021 tulisikia nzige wameingia mikoa ya kaskazini. Je, huku kwetu kuna hatari hiyo? — Msomaji, Shelui, Iramba.

JIBU: Wale walikuwa nzige wa jangwani. Ninyi mnapakana na bonde la Wembere, mojawapo ya mazalia yanayojulikana ya nzige wekundu, pamoja na Rukwa, Malagarasi na Iku-Katavi. Hupenda mbuga za nyasi zinazofurika na kukauka, na huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka, kwa hiyo wakikaguliwa kila msimu kuna muda wa kuchukua hatua. Kazi ya kufuatilia mazalia hayo huratibiwa na shirika la nchi za kanda lenye makao yake Ndola, Zambia. Mwaka 2009, katika Iku-Katavi, walinyunyiziwa kwa ndege kuvu wanaoua nzige na jamaa zake badala ya sumu ya kawaida, kabla makundi hayajaanza kusafiri.