Vipima joto vya bei nafuu kwenye nyumba ya wazee Tabora

Dada, umeuliza kama vipima joto na unyevu vya bei nafuu vinatosha kwa nyumba ya wazee hapo Tabora. Vinatosha, ila chukua aina iitwayo DHT22, achana na ile ya DHT11. Ya kwanza hukosea kama nusu digrii tu, ya pili hadi digrii 2, na kwa mzee hizo si ndogo: mwili wake hautoi jasho vizuri, na kiu huisikia kwa kuchelewa. Mwezi wa 10, kabla ya mvua, bati likishapata moto ndipo utakapoona.

Kipima joto usikifunge juu karibu na bati wala dirishani. Kifunge usawa wa kitanda, mbali na jua, na kitoe nje ya boksi la saketi (vifaa vya umeme vinavyokiendesha) maana saketi nayo inatoa joto. Kabla ya kuvigawa vyumbani, viweke vyote pamoja usiku mzima uone kipi kinasoma tofauti, kisha uirekebishe tofauti hiyo kwenye hesabu.

Na tafadhali, bibi mwenyewe aulizwe kama anasikia joto au baridi, jibu lake liandikwe pembeni ya kipimo. Wapo wanaojifunika blanketi mchana na chumba kina digrii 30.