Halloween ya Watu Wazima Malindi: Giza, Ngisi na Hadithi

Mtu mzima hatishwi na fuvu la plastiki. Humtisha giza, chakula cheusi asichokitarajia sahanini, na hadithi ikisimuliwa na anayeijua. Kwa hiyo nikiulizwa namna ya kuandaa karamu ya tarehe 31 Oktoba hapa Malindi, jibu langu la kwanza ni kwamba pesa za mapambo ziende kwa muuza samaki.

Sikukuu hii haikuanzia kwetu, na mwenyeji anapaswa kuijua asili yake. Ilitoka Ireland na Uskoti, ambako Waselti, watu wa kale wa huko, walikuwa na Samhain, sherehe ya mwisho wa mavuno na mwanzo wa miezi ya giza. Baadaye Kanisa likaifanya tarehe 1 Novemba kuwa siku ya Watakatifu Wote, na usiku wa kuamkia siku hiyo ndio Halloween. Hata Waitaliano wanaoishi hapa mjini huiadhimisha tarehe 1, kisha tarehe 2 huwaombea marehemu wao. Basi kwenye mwaliko sema waziwazi: ni chakula cha usiku na hadithi, hakuna ibada ya aina yoyote, na jikoni hamna pombe wala nguruwe. Jirani akisema hatakuja, mwitikie vizuri na usimbembeleze. Wengine waite saa mbili usiku, Isha ikiwa imeshaswaliwa.

Kuna mawili ambayo mimi siyaruhusu kabisa. Buibui lisivaliwe kama kinyago, maana ni vazi la stara la mama zetu. Na pepo wasiigizwe. Mezani huenda ameketi mtu ambaye ndugu yake alishawahi kupungwa, na kwake hilo si la kuchezewa. Waombe wageni waje na nguo nyeusi na kitu kimoja cha dhahabu, iwe pete, mkufu au uzi wa kofia. Hayo yanatosha, na picha zake hupendeza.

Sasa maboga, yale yanayochongwa sura na kuwekwa mwanga ndani. Zamani huko Ireland na Uskoti walichonga tanipu, mzizi wa mviringo unaoliwa. Waliohamia Marekani ndio waliohamia kwenye boga, kwa kuwa ni kubwa na huchongeka kwa urahisi. Maboga yetu yana ganda gumu, kwa hiyo achana na macho na meno. Kata kifuniko, komba ndani, kisha toboa vitundu kwa msumari mnene, vikifuata nakshi za milango ya Lamu: ua, duara, mshazari. Mwanga ukitoka humo, ukuta mzima hujaa nukta. Lichonge siku hiyo hiyo, kwa sababu joto letu hulilegeza upesi. Nyama yake ipike supu yenye tangawizi na tui, na mbegu zikaange kwa chumvi na pilipili, ziwe za kutafuna wakati wageni wanakusanyika.

Taa ya umeme zima kabisa. Jua mwishoni mwa Oktoba hutua karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo giza utalipata bila kulitafuta. Mishumaa iweke ndani ya chemni au fanusi, maana upepo wa baharini hauna subira na mwali ulio wazi. Lakini kama unakaribisha chini ya makuti, nakusihi usiwashe moto wowote: tumia taa ndogo za betri. Makuti yakishika, hakuna wa kuyawahi. Na kwa kuwa mvua za vuli huanza majira hayo, usipange meza mahali pasipo na paa.

Chakula chenyewe ni wali mweusi wa ngisi, na hapo ndipo pa kutumia muda wako. Kwa watu wanane chukua ngisi kilo moja na nusu na mchele kilo moja. Mwombe muuza samaki mapema asitupe vifuko vya wino, na akuwekee vya ngisi wote anaowasafisha asubuhi hiyo, kwa kuwa kimoja hakitoshi. Ukisafisha mwenyewe, vuta kichwa polepole. Matumbo hutoka nacho, na katikati yake utaona kifuko chembamba kinachong'aa kama fedha. Kikate kwa ncha ya kisu juu ya bakuli lenye maji kidogo, kisha chuja. Kaanga vitunguu, thomu na nyanya mpaka mafuta yajitenge, mimina wino, ndipo utie mchele na tui jepesi. Chumvi punguza, kwani wino wenyewe una chumvi yake. Ngisi usimpike na wali: mkate pete, mkaange dakika mbili tatu kwenye moto mkali, umwage juu ukipakua. Akizidi hapo anakuwa mpira. Pakua kwenye sahani nyeupe, pamoja na ndimu na dania. Midomo ya wageni itakuwa myeusi, kwa hiyo vitambaa vya mkono viwe vya rangi nzito.

Kinywaji ni ukwaju baridi. Kitindamlo nakipenda kiwe mkate wa sinia wenye lozi moja nzima iliyofichwa ndani, na uwatahadharishe watu watafune taratibu. Waairishi huficha pete ndani ya mkate wao wa zabibu, na anayeipata huambiwa ataoa au ataolewa. Kwangu mimi, anayepata lozi ndiye anayefungua hadithi.

Hadithi zianze kwa "Paukwa!", na watu wote waitikie "Pakawa!", hata waliokuja na suti. Ziwe za hapa hapa. Magofu ya Gede yako jirani na Watamu, mji mzima wa mawe uliohamwa na watu wake, wenye kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na mpaka leo wenyeji husimulia kwamba una walinzi wasioonekana. Hadithi ya bibi yako kuhusu mbuyu wa njia panda nayo ina nafasi yake. Aliyefiwa karibuni usimlazimishe kusimulia. Anaweza kusikiliza tu.

Hadithi zikiendelea, pitisha kahawa chungu kwa dele na mabuyu kwenye bakuli, yale mekundu yanayopaka ulimi rangi. Na kwa kuwa hadithi hurefuka, zungumza na mtu wa tuktuk tangu mchana, mpatane bei ya kuwarudisha wageni nyumbani usiku.